ELIMU YA USIKIVU: FARDHI KIFAYA TULIYOISAHAU

 



Muulize mwanafunzi yeyote wa madrasa anataka kuwa nani akimaliza masomo, na majibu utayapata yale yale: daktari, mhandisi, rubani, mwanasheria, na siku hizi mtaalamu wa kompyuta. Ni majibu mazuri, na Mwenyezi Mungu awatimizie. Lakini sijapata kumsikia hata mmoja akisema kuwa anataka kuwa mtaalamu wa usikivu, yaani mtu aliyesomea kupima na kuhudumia uwezo wa watu kusikia. Fani hii kwa jina lake la kitaalamu huitwa odiolojia. Hoja ya makala haya ni moja: fani hii ni katika fardhi kifaya tulizozisahau, na mwanafunzi wa madrasa, aliyelelewa kwa kusikiliza na kusikilizwa, ndiye anayestahiki kuwa wa mwanzo kuikimbilia.

NEEMA INAYOTAJWA MWANZO

Mwenye kuisoma Qur'ani kwa mazingatio ataona kuwa mara nyingi zinapotajwa neema za kusikia na kuona pamoja, kusikia hutangulia. Ndivyo ilivyo katika Suratun Nahl aya ya 78, ambapo neema hizi zinatajwa ili tupate kushukuru. Katika Suratul Israa aya ya 36 tunaonywa kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Sisi watu wa chuoni tunaijua thamani ya neema hii kuliko wengi. Qur'ani haikutufikia kwa karatasi peke yake. Imetufikia kwa mdomo na sikio, mwalimu akisoma na mwanafunzi akipokea, kizazi baada ya kizazi. Hakuna aliyejifunza makharij ya herufi kwa kuyatazama kwenye kitabu tu. Basi ikiwa sikio ndio mlango wa elimu yetu, vipi hatuna anayejua kuutengeneza mlango huo unapoharibika?

MTOTO ANAYEITIKA LAKINI HASIKII

Hapa naomba walimu wenzangu na wazazi tusikilizane vizuri. Wengi wetu tunadhani kuwa watu ni wa aina mbili tu, anayesikia na kiziwi. Si hivyo. Baina ya hao wawili kuna watu wengi mno wanaosikia nusu, na wengine wanasikia sauti fulani na kukosa nyengine.

Sauti hupimwa kwa mambo mawili. La kwanza ni ukubwa wake, na kipimo chake ni desibeli. La pili ni wembamba au uzito wake, na kipimo chake ni hezi. Katika kipimo cha kawaida mtu husikilizishwa sauti nzito za hezi 250 na kuendelea mpaka nyembamba za hezi 8,000. Irabu kama a, o na u ni nzito na zina nguvu. Sauti za s, th na f ni nyembamba na ni dhaifu. Mtu ambaye sikio lake limepoteza sauti nyembamba atakusikia kuwa unasema, ila hatajua unasema nini. Ukimwita "Ali!" anageuka, nawe unasema, "Kumbe anasikia, ila ni mjeuri tu."

Sasa mlete mtoto wa namna hiyo mbele ya msahafu. Wanafunzi wa tajwidi wanazijua herufi za swafir, nazo ni swad, sin na zay, zilizoitwa hivyo kwa sababu ya mluzi wake. Mluzi huo ni sauti nyembamba. Mtoto asiyeusikia atawezaje kuitenga sin na thaa, au sin na shin? Atasoma alivyosikia. Mwalimu atamrudisha mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na huenda bakora ikapita. Mtoto huyo atapewa jina la mzito wa akili, naye ataliamini. Baada ya mwaka mmoja au miwili haji tena chuoni, na skuli pia anakwenda kwa kusukumwa.

Ndugu zangu, mtoto kama huyu akipigwa amedhulumiwa, na aliyemdhulumu hakukusudia, alikosa elimu tu. Hii ndiyo sababu nasema kuwa jambo hili ni letu. Mwalimu wa madrasa anamsikiliza kila mtoto akisoma peke yake, kwa sauti, karibu kila siku. Huenda hakuna mtu mwengine katika mtaa mzima mwenye nafasi kama hiyo ya kugundua mapema kuwa sikio la mtoto lina kasoro. Lakini akishagundua, ampeleke kwa nani?

UKUBWA WA HAJA

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake kuhusu usikivu mwaka 2021. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na kati yao milioni 430 wanahitaji huduma ya kitaalamu. Ifikapo mwaka 2050 inakadiriwa kuwa wenye upungufu watafika karibu bilioni 2.5. Shirika hilo hilo linaeleza kuwa asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika.

Sababu hizo tunaishi nazo majumbani. Kuna usaha wa masikio unaoachwa mpaka ngoma ya sikio ikatoboka. Kuna surua, matumbwitumbwi na homa ya uti wa mgongo. Kuna homa ya rubela inayompata mama mjamzito. Kuna manjano makali ya mtoto mchanga, na kuna baadhi ya dawa, kama sindano za jentamaisini, zinazoweza kulidhuru sikio. Ongeza na kelele. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa kiwango cha salama ni desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki, na kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wamo hatarini kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa kupita kiasi. Kijana anayelala na vipokea sauti masikioni na ajihesabu humo.

Na wataalamu je? Ripoti hiyo inaonesha kuwa katika nchi zenye kipato cha chini, asilimia 93 hazifikishi hata mtaalamu mmoja wa usikivu kwa kila watu milioni moja. Msomaji na apige hesabu mwenyewe kwa wilaya yake.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Wengi huichanganya kazi hii na ya daktari wa masikio, pua na koo. Daktari huyo hutibu maradhi kwa dawa na kwa kupasua. Mtaalamu wa usikivu hupima, hutambua ni sehemu gani ya usikivu iliyopungua na kwa kiasi gani, kisha humsaidia mtu huyo kurudi katika mazungumzo ya watu. Fani hii ilipata nguvu nchini Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, pale askari wengi waliporudi makwao masikio yameharibika. Raymond Carhart wa Chuo Kikuu cha Northwestern ni katika waliotangulia kuijenga, na wengi humwita baba wa fani hiyo.

Mgonjwa mkubwa huingizwa katika chumba kisichopitisha sauti, akavalishwa vipokea sauti na kuambiwa abonyeze kitufe kila anaposikia mlio hata ukiwa mdogo vipi. Mtoto mdogo hawezi kuambiwa hivyo, basi hufanywa mchezo: kila akisikia mlio anatia kipande cha mbao ndani ya kikapu. Na mtoto mchanga aliyezaliwa jana hupimwa akiwa amelala, kwani sikio zima la ndani lenyewe hutoa mwangwi mdogo sana linapopokea sauti, na mashine huunasa mwangwi huo. Jambo hilo liligunduliwa mjini London na David Kemp mwaka 1978. Subhanallah, sikio linajibu kabla ya mwenyewe kujua kusema.

Wataalamu wanashauri mtoto achunguzwe kabla hajatimiza mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita, kwa sababu akili hujifunza lugha katika miaka ya mwanzo, na muda huo ukipita ni vigumu kuufidia. Kwetu sisi mama husema, "Mwache, hata mjomba wake alichelewa kusema." Mtoto akafika miaka minne au mitano bado anasubiriwa.

Mtaalamu huyu pia huchagua kifaa cha kusaidia kusikia, akakirekebisha kwa mujibu wa kipimo cha mtu mwenyewe, akamfundisha kukitumia na kukitunza. Kifaa cha kununua tu dukani, bila ya kipimo, ni sawa na kuvaa miwani ya jirani.

Na kwa wale ambao sikio la ndani limekufa kabisa, upo upandikizaji wa kifaa ndani ya koklea, kile kijumba cha ndani ya sikio kilichojikunja kama konokono. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza upasuaji huo mwaka 2017, na kabla ya hapo wagonjwa walikuwa wakipelekwa nje, hasa India. Alhamdulillah, hiyo ni hatua kubwa. Lakini daktari mpasuaji humaliza kazi yake kwa saa chache. Kuiwasha mashine, kuirekebisha mara kwa mara na kumfundisha mtoto kuzitambua sauti ni kazi ya miaka, na hiyo ni kazi ya wataalamu wa usikivu na wa matamshi.

KWA NINI AWE MTU WETU?

Atasema mtu: wataalamu si wataletwa kutoka nje? Nina majibu matatu.

Kwanza, lugha. Kipimo cha mlio hakitoshi, lazima mtu apimwe pia kwa maneno. Mpimaji husema neno, mgonjwa hulirudia. Waingereza wana orodha zao za maneno mafupi ya silabi moja, ambayo Kiswahili hakina mengi. Bibi wa Pemba hawezi kupimwa kwa orodha ya Kiingereza. Anataka kuulizwa "saa" na "taa", "paa" na "kaa", maneno yanayotengana kwa herufi moja, ili ijulikane sikio lake linakosa wapi. Kuziandaa orodha hizo vizuri, kuzirikodi na kuzijaribu ni kazi ya msomi anayekijua Kiswahili tangu utotoni na anayejua sauti zinavyotoka mdomoni. Nani aliye karibu zaidi na kazi hiyo kuliko kijana aliyehitimu tajwidi?

Pili, stara. Kipimo hiki hufanyika ndani ya chumba kilichofungwa, na anayepimwa lazima afunue masikio, mashine zikae juu ya kichwa. Wako mama zetu na dada zetu ambao huahirisha kwenda kwa sababu hiyo tu, wakaona bora kubaki bila ya kusikia. Haja ya wasichana wetu kuisomea kazi hii ni kubwa kuliko ya wavulana, na nawataka wazazi walizingatie hili.

Tatu, kuielewa hali ya mgonjwa. Mzee aliyekuwa hapitwi na darsa msikitini huanza kukaa nyumbani kwa sababu hasikii khutba, na akiulizwa husema miguu inamuuma. Mtaalamu anayeyajua maisha ya msikitini ataijua haja ya mzee huyu bila ya kuambiwa, na ataijua namna ya kukitengeneza kifaa ili kimfae pale anapokaa safu ya mwanzo.

WALIOTUTANGULIA HAWAKULALA

Imamu Abu Hamid Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Ihyaa Ulumid Din ameihesabu elimu ya tiba kuwa ni fardhi kifaya. Alilalamika kuwa katika zama zake ilikuwako miji isiyokuwa na tabibu Mwislamu, na hali wanafunzi wakisongamana katika masuala ya ubishi wa fikihi ambayo watu wa kuyashughulikia walikwishatosha. Maana ya fardhi kifaya tunaijua: akisimama wa kutosha, wengine wamepona, na asiposimama mtu, dhambi ni yetu sote. Malalamiko yale yana zaidi ya miaka 900, na mtu angedhani yameandikwa kwa ajili yetu.

Kabla yake, Abul Qasim Az-Zahrawi wa Qurtuba, huko Andalusi, aliyefariki mwaka 1013, aliandika katika kitabu chake At-Tasrif namna ya kuvitoa vitu vilivyoingia ndani ya sikio, na akachora vyombo vya kazi za upasuaji. Hao hawakuona tofauti baina ya kumcha Mungu na kulishughulikia sikio la mgonjwa.

Na tusiisahau Suratu Abasa, iliyoteremka kwa sababu ya Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), aliyekuwa haoni. Sahaba huyu baadaye aliadhini katika msikiti wa Mtume, na akaachiwa kusimamia Madina Mtume (S.A.W.) alipokuwa safarini. Somo lake ni kuwa mwenye upungufu wa kiungo hawekwi pembeni, bali hutafutiwa njia. Kwa hiyo mtaalamu wa usikivu asidhani kuwa kazi yake ni mashine tu. Wako viziwi ambao lugha yao ni ya alama, nao wana haki ya kufundishwa dini yao kwa lugha hiyo.

NJIA YA KUFIKIA

Kijana aliyeshawishika atauliza aanzie wapi. Haya ndiyo ninayomshauri.

(i) Aanze sasa, Kidato cha Kwanza na cha Pili, kwa kutoikimbia Fizikia. Mlango wa mawimbi ya sauti ndio msingi wa fani yote. Pamoja nayo ashike Biolojia, Kemia, Hisabati na Kiingereza. Kidato cha Tano na cha Sita achukue mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia.

(ii) Kwa shahada, asome kila mwaka mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kwani kozi za afya huongezeka. Kwa nje ya nchi, Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu Malaysia, katika kampasi yake ya Kuantan, kinafundisha shahada ya odiolojia kwa miaka minne, na huko kijana atasoma bila ya kutupa sala zake. India ipo taasisi ya taifa ya matamshi na usikivu mjini Mysuru, iliyoanzishwa mwaka 1965, ambayo hufundisha fani zote mbili pamoja. Chuo Kikuu cha Jordan nacho kina idara ya elimu ya usikivu na matamshi. Afrika Kusini shahada ni ya miaka minne, na hufuatiwa na mwaka mmoja wa kuhudumia jamii. Marekani njia ni ndefu: shahada ya kwanza, kisha kwa kawaida miaka minne ya udaktari wa odiolojia.

(iii) Kabla ya kulipa hata shilingi moja, ahakikishe TCU na mamlaka za afya nyumbani zinakitambua cheti cha chuo anachokwenda. Wapo waliosoma miaka na kurudi na karatasi isiyowafaa.

(iv) Asiyejaaliwa njia hiyo asikate tamaa. Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, hufundisha walimu wa elimu maalumu, na mwalimu wa watoto viziwi ni sehemu ya kazi hii hii. Anayesomea udaktari naye anaweza baadaye kubobea katika masikio, pua na koo.

WANAYOSEMA WATU

Wazazi wengine watasema, "Mwanangu ana akili, awe daktari kamili." Huyu anapima elimu kwa jina lake na si kwa haja ya watu. Wengine watasema kazi hazipo. Ni kweli kuwa nafasi serikalini ni chache na vifaa ni ghali, wala sitaki kumdanganya kijana kuwa atatajirika haraka. Lakini nafasi hazitengwi kwa ajili ya wataalamu wasiokuwepo. Akipatikana mmoja, hospitali huona haja ya chumba na mashine. Asipopatikana, hata mashine ya msaada hukaa ndani ya sanduku lake mpaka ikaharibika.

Na wapo wenye hofu kuwa masomo ya sayansi yatamtoa mtoto chuoni. Hofu hiyo naiheshimu, na dawa yake ni ratiba nzuri na wazazi kukaa pamoja na walimu. Kuwafunga watoto wetu nje ya maabara si dawa. Ama msichana kwenda masomoni mbali, familia zishauriane na masheikh wao kuhusu safari na makazi mapema, zisingoje barua ya chuo ifike ndipo zianze kuvutana.

WITO WANGU

Kwa walimu wenzangu: mtoto anayekosea herufi zile zile kila siku, anayekutazama mdomo unaposema, anayegeuza upande mmoja wa kichwa au ambaye sikio lake linatoa usaha, msimpige. Mkalisheni mbele, muiteni mzazi wake, na mumwelekeze hospitali.

Kwa wazazi: msitie mafuta ya moto wala njiti ndani ya masikio ya watoto, na msingoje mtoto "atasema tu".

Kwa kamati ya madrasa yetu na wafadhili wake: tunachangishana kwa misahafu na mabusati, na Mwenyezi Mungu azikubali sadaka hizo. Tufikirie pia kumsomesha kijana mmoja, mvulana au msichana, katika fani hii, kwa sharti kuwa atarudi kutuhudumia. Kila mzee atakayesikia tena adhana kwa mikono yake, na kila mtoto atakayeipata sin yake sawasawa, tunatarajia itakuwa ni sadaka yenye kuendelea kwa aliyesomesha na aliyesoma.

Na kwenu wanafunzi: tutakapowauliza tena mwakani mnataka kuwa nani, natumaini atapatikana hata mmoja wa kunijibu kwa jina la fani hii.

Wabillahi Tawfiq. Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.